Chumvi Kwenye Makasha ya Ndege

9 Juni
Mvua imeingia leo tukiwa katikati ya kushusha lori. Huku Goa haianzi kwa manyunyu, inamwagika mara moja kama mtu aliyepindua pipa. Chaubey, kontrakta wetu, akapiga kelele tufunike makasha kwanza. Turubai ni tatu na zote ni za makasha. Nimelala na nguo mbichi.

Daftari hili alinipa binti yangu Sumati nilipotoka kwetu Gumla. Alisema, "Baba, andika, maana ukirudi huwa hukumbuki chochote ila uchovu." Niliishia darasa la saba. Nitaandika ninavyoweza.

11 Juni
Mvua. Makasha.

15 Juni
Kazi yetu ni kubeba spea za ndege za vita, zile zinazotua juu ya meli. Ndege zenyewe ziko ng'ambo ya uwanja, sisi tunazisikia tu. Stoo ni yetu, mimi na shemeji yangu Jhirga Minz na wengine kutoka kwetu. Jhirga amemwoa dada yangu Phulo. Ndiye aliyeniita huku, naye ndiye mkongwe wa genge.

Mtunza stoo ni Bwana Colaço, mtu wa hapa hapa, anayekaribia kustaafu. Leo alitusimamisha mbele ya makasha mawili ya chuma, marefu kama jeneza la mtoto.

"Hizi ni shokapu za ndoano," alisema. "Ndege ikitua juu ya meli haina nafasi ya kukimbia. Inashusha ndoano nyuma, ndoano inanasa waya, ndege inasimama. Shokapu ndiyo inayoikandamiza ndoano isidunde. Ikidunda inaruka waya. Na mbele ya waya kuna nini, Jhirga?"

"Samaki, mkuu."

"Samaki. Kwa hiyo mkiangusha kasha hili msije kuniomba msamaha mimi. Mkamwombe mke wa rubani."

Tumeyabeba kama mayai.

24 Juni
Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Wenyeji wanavaa mataji ya majani na kurukia visimani. Bwana Colaço alikuja amechelewa, ananuka feni, pombe yao ya mabibo, akatuuliza kwa nini sisi hatufurahi. Jhirga akamjibu, "Sisi tuko kisimani tangu tarehe tisa, mkuu."

2 Julai
Mchele umeoza. Kibanda alichotujengea Chaubey nje ya geti ni bati na plastiki, maji yanapita chini na juu. Phulo alifungua gunia akanitolea kiganja kilichojaa ukungu.

"Tazama, umeota ndevu. Umewahi kuona mchele mzee kuliko shemeji yako?"

Jhirga akacheka, Phulo hakucheka. Tumeuosha tukaula. Usiku mzima tumepishana chooni. Mtoto wa Birsu, mwenzetu, anatapika mpaka leo.

3 Julai
Mtoto wa Birsu amepelekwa hospitali.

4 Julai
Mtoto amefariki. Tumechimba sisi wenyewe, shimo likijaa maji kila tulipopumzika. Kontrakta alitoa nusu siku.

6 Julai
Amekuja rubani stoo, Nambiar, kijana mrefu mwenye masikio makubwa. Ndege yake imesimama tangu Machi. Waliing'oa shokapu wakaipa ndege nyingine, kisha pampu, kisha kioo. Mafundi wanaiita Mjane. Spea zinatoka ng'ambo na huchukua mwaka, kwa hiyo ndege moja hulishwa kwa nyama ya nyingine.

"Mzee," alimwambia Jhirga, "wanasema wewe ndiye unayejua kila kasha lilipo. Yangu iko wapi?"

"Iko palepale, afande. Inangojea sahihi."

"Hata mimi nangojea. Mke wangu anasema nimekuwa rubani wa kiti."

Akatuaga kwa kutushika mikono. Mikono yetu ilikuwa na grisi naye hakuifuta yake mbele yetu.

13 Julai
Mchele umekauka. Nimetia mkono guniani, ukatoka mkavu kama wakati wa mavuno. Ndani nikakuta vifuko vya kitambaa vyenye chembe ngumu kama mtama.

Nilimwuliza Jhirga. Akasema ni vya kwenye makasha. Ubavuni, kwa chini, kila kasha lina kimlango kidogo, na nyuma yake huwekwa vifuko hivyo vinywe unyevu. Kando kuna kioo chenye kidoa: kikiwa bluu ndani ni pakavu, kikiwa cha waridi pana unyevu. Kubadilisha vifuko ni kazi yetu, ila mwaka huu vipya havijaja.

"Umeviiba?"

"Nimeviazima, shemeji. Tena natunza kuliko wenyewe. Vikishiba maji vinakuwa vya waridi. Namwachia dada yako, anavifukia kwenye chumvi ya moto, ile ya kukaangia dengu. Chumvi inagawa joto, kitambaa hakiungui. Vinarudi bluu kabisa. Kesho navirudisha, nachukua vingine."

"Na mlinzi wa geti?"

"Anatafuta chuma. Mimi nabeba vifuko kwenye kopo la chakula. Akivila shauri yake."

Phulo alikuwa jikoni na kikaango chake kikubwa alichokuja nacho toka nyumbani. Alisema bila kugeuka, "Mtoto wa Birsu angekuwepo kama tungelijua hili mapema."

Sikuona ubaya. Kinachotoka kinarudi. Nimekula sahani mbili.

14 Julai
Mvua. Wali mzuri.

20 Julai
Paa la stoo linavuja upande wa kusini. Tumehamisha makasha kutwa. Bwana Colaço alipita na tochi akikagua vioo, vyote bluu. Akapiga ishara ya msalaba. Mwaka jana wakati huu nusu ilikuwa ya waridi, alisema, naye akaandikiwa barua tatu za karipio. Amemletea Jhirga mikate sita ya moto. Jhirga ametugawia sote, akatafuna wake polepole akiwa ameinamisha kichwa.

27 Julai
Nyumbani sasa wanapandikiza mpunga. Mke wangu yuko matopeni peke yake. Mgongo unaniuma upande wa kushoto.

8 Agosti
Sahihi imekuja. Tumelipeleka kasha la kwanza la shokapu kwenye karakana ya ndege, likafunguliwa mbele yetu. Chuma kinang'aa, grisi imekaa vizuri. Fundi alikitazama, akatazama kioo, akasema safi. Watamfungia Mjane.

Rubani Nambiar alileta boksi la peremende za maziwa. Amepata binti juzi. Jhirga alimwombea mtoto kwa lugha yetu, rubani akauliza maana yake.

"Nimemwomba Mungu ampe masikio ya mama yake, afande."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

10 Agosti
Mvua. Kasha moja limeniponda kidole.

19 Agosti
Leo wamefungua kasha la pili la shokapu. Ndege nyingine iliihitaji. Kioo kilikuwa bluu. Bwana Colaço mwenyewe alinyanyua kifuniko, wakaigeuza shokapu.

Upande uliokuwa karibu na kile kimlango, ule mti wa chuma unaoingia na kutoka ulikuwa na upele. Vidoa vya kahawia, na katikati ya kila kidoa shimo kama la sindano. Pembeni palikuwa na unga mweupe. Fundi alipitisha kucha, ikakwama. Alisema hiyo haifai tena, sili, ule mpira unaozuia mafuta, itachanika na mafuta yote yatavuja.

Bwana Colaço akagusa ule unga kwa kidole, akauweka ulimini.

"Chumvi," alisema. "Chumvi imeingiaje?"

Fundi akasema ni hewa ya bahari, kasha lilikaa upande unaovuja. Mwingine akasema walioituma ndio walioifunga vibaya. Bwana Colaço alikaa juu ya kasha lingine, kidole chake bado kiko mdomoni, kama mtoto.

Nilimtafuta Jhirga kwa macho. Alikuwa ameshatoka nje kwenye mvua.

20 Agosti
Sikumwambia Jhirga mapema, nilingoja tuwe kwenye mtaro wa kuoshea miguu, sisi wawili.

"Shemeji, ni chumvi ya dada."

"Najua."

"Vifuko vinabeba chumvi kwenye kitambaa. Unavirudisha mle ndani na..."

"Nimesema najua, Bandhan. Unataka niimbe?"

Alisugua mguu mmoja ule ule mpaka ukawa mwekundu.

"Nilidhani nikivirudisha bluu vimerudi," alisema. "Bluu si ndiyo wanayotazama?"

Nikamwuliza kuhusu kasha la kwanza, la Nambiar. Kama nalo alilichukulia vifuko.

"Hilo ndilo nililoanza nalo," alisema.

"Lakini lilikuwa safi. Tumeliona."

"Tumeona upande wa juu, wenye grisi. Kimlango kiko chini."

21 Agosti
Bwana Colaço amesimamishwa kazi kwa uzembe mpaka uchunguzi uishe. Wanasema huenda akakosa pensheni.

23 Agosti
Mvua inapungua. Mjane ameruka leo, nimemwona kwa mara ya kwanza. Fundi mmoja alituambia ikitua uwanjani haitumii ndoano, uwanja ni mrefu. Ndoano itatumika melini. Meli inatoka tarehe tano.

Jhirga alisikia kama mimi. Tulirudi kubeba.

25 Agosti
"Sema wewe mwenyewe," nilimwambia. "Ukisema mwenyewe watakuhurumia."

"Nani ametuhurumia lini?"

"Basi nitasema mimi."

"Sema. Kisha umwangalie dada yako machoni." Baadaye akaongeza, kwa upole, "Labda ile haina kitu, shemeji. Labda grisi imeizuia. Chuma si kimoja."

Nami nilitaka kuamini, kwa hiyo nikaamini siku nzima.

29 Agosti
Phulo amepanda shayiri kwenye kikapu cha mchanga, ni kwa ajili ya Karam, sikukuu yetu ya mavuno. Dada hufunga siku hiyo kwa ajili ya kaka zao. Huku hakuna mti wa karam, Birsu anatafuta tawi linalofanana. Phulo ana kaka mmoja tu aliye hai, ndiye mimi. Kila jioni anakifunika kikapu ili miche iote ya njano.

30 Agosti
Sikulala. Nikifumba macho naona masikio ya yule rubani.

1 Septemba
Jua. Kila mtu ameanika kila kitu.

3 Septemba
Karam. Phulo hakula wala kunywa tangu asubuhi. Magharibi tulisimika tawi mbele ya vibanda. Birsu alipiga ngoma ijapokuwa ana msiba, alisema ngoma haina kosa. Wanawake walishikana mikono wakacheza kwenye matope mekundu, Phulo mbele, ameshachoka lakini anacheza. Kisha akaja kwangu na miche ya njano akaniwekea nyuma ya sikio.

"Uishi kama huu unavyoota," alisema. "Nawe mwaka huu umekonda, mdogo wangu. Unabeba nini ambacho sisi hatubebi?"

Jhirga alikuwa ameketi karibu. Alitutazama, kisha akajifunika uso kwa kitambaa chake kana kwamba anafuta jasho.

Nilimwambia Phulo palepale. Sikuweza kungoja aanze kula, maana nilijua akishakula nitanyamaza. Nilimwambia chumvi ya kikaango imekula chuma, na rubani aliyetuletea peremende atatua juu ya meli na chuma hicho, na kesho naenda kusema.

Alikaa chini. Alisema, "Mimi ndiye niliyevikaanga. Niseme mimi."

Jhirga akafunua uso. "Wewe hukuingia stoo hata mara moja. Usitie jina lako." Kisha akaniambia, "Nenda. Mimi miguu yangu imekataa. Tangu tarehe ishirini kila asubuhi naiambia twende, inakataa."

4 Septemba
Sikwenda kwa maafisa, nilikwenda kwa Bwana Colaço nyumbani kwake. Alinifungulia akiwa na fulana. Nilieleza. Alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akavaa shati bila kufunga vifungo, tukatembea pamoja hadi getini haraka sana, yeye akihema.

Afisa wa zamu alitaka tungoje. Bwana Colaço akasema, "Kijana, meli inatoka kesho. Mimi umenifukuza, huwezi kunifukuza tena. Piga simu."

Akapiga.

Walipomfuata Jhirga alikuwa anabeba. Aliliweka kasha chini taratibu, akalisawazisha na ukuta, ndipo akanyoosha mikono.

6 Septemba
Wameing'oa shokapu ya Mjane. Ina upele upande wa chini, mwingi kuliko ile nyingine, umekaa mahali ambapo sili hupita. Fundi aliniambia ingeweza kushika mara moja au mbili, halafu ingeachia mafuta. Meli imetoka bila ile ndege. Nambiar yu hai.

Naandika hivyo tena ili nione kwa macho. Nambiar yu hai.

Bwana Colaço amerudishwa kazini. Aliniletea mikate. Sikuila.

8 Septemba
Maafisa wa usalama wamekuja kutoka mbali, wawili, viatu vyao havina tope. Wameniuliza Jhirga alikuwa anaongea na nani kwenye simu. Na mama yake, nikasema. Wameniuliza ni wageni gani walikuja kibandani. Na ni nani aliyemlipa.

"Hakuna, afande. Ni mchele."

"Mchele gani?"

"Ulikuwa unaoza."

Waliangaliana. Mdogo wao akacheka kidogo. "Mtu anahujumu ndege ya vita kwa ajili ya gunia la mchele?"

"Hakuhujumu. Aliazima."

Wakaandika.

10 Septemba
Niliomba niwaonyeshe. Nilifikiri wakiona kwa macho yao wataelewa, maana hata mimi nisingeamini kwa maneno. Wakakubali. Walikuja kibandani, na Bwana Colaço, na Nambiar akasimama nyuma yao.

Phulo aliwasha moto. Hakutazama mtu. Akapasha chumvi moto kwenye kikaango mpaka ikaanza kulia, akafukia kifuko cha waridi kama anavyofukia dengu, akageuza kwa kijiti. Tulingoja. Alipokitoa, akakikung'uta, akakata uzi na kumwaga chembe kwenye sahani. Bluu, kama macho ya wale watalii wa ufukweni. Na kitambaa cheupe kwa chumvi.

"Mmeona," nilisema. "Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna zaidi."

Afisa mkubwa aliinama, akagusa, akajifuta kidole kwa kitambaa. "Nani aliwafundisha?"

"Hatukufundishwa, afande. Kwetu ndivyo tunavyokaanga dengu."

"Ni ujanja mkubwa," alisema. "Kioo kinabaki bluu, chuma kinaoza, hakuna anayejua mpaka ndege iko baharini. Mtu angekaa mwaka kubuni kitu kama hiki." Akamgeukia mwenzake. "Sasa namna tunaijua. Bado aliyemlipa."

Wakachukua kikaango. Wakachukua chumvi, yote, mpaka ile ya kwenye kopo la kupikia. Phulo alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Karam, halafu akaanza kuondoa jivu.

12 Septemba
Nambiar alinisubiri nje ya geti, hana sare.

"Ni kweli alichukua kwa sababu ya mchele?"

"Kuna mtoto alikufa hapa, afande. Tarehe nne Julai. Kaburi lake lile pale, lenye mawe."

Alilitazama kwa muda. "Nimewaambia yule mzee hawezi kuhujumu. Wamenijibu mimi ndiye niliyekuwa nife, kwa hiyo sina akili ya kuhukumu."

"Utawaambia tena?"

"Nitawaambia kila wanaponiita." Akasugua sikio lake. "Lakini wameacha kuniita."

17 Septemba
Siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Zana zote zimeoshwa na kuvikwa maua, hakuna anayezishika. Hata foklifti ina shada. Chaubey amegawa vitamu, kisha akatuambia sisi wa Gumla sote mkataba umekwisha. Genge jipya linatoka mkoa mwingine.

19 Septemba
Jhirga amehamishwa kwenda jela ya mji mwingine. Hawajamsomea shitaka. Phulo alipeleka nguo, zikapokelewa. Alipeleka dengu, zikarudishwa.

21 Septemba
Wengine wamepanda treni. Birsu alikwenda kwanza kulisawazisha kaburi. Mimi nimebaki na Phulo. Amesema haondoki mumewe akiwa jela, nami siwezi kumwacha. Nimepata kazi ya kubeba mawe barabarani.

26 Septemba
Mvua imekwisha. Anga safi, na leo ndege zimepita juu tangu asubuhi. Sijui kama Mjane yumo. Gunia la mchele ni kavu bado, halina haja ya kifuko.

Phulo hupika kila jioni. Ananipa sahani yangu kwanza, kama zamani, tena ananipa nyingi. Hana neno baya kwangu. Ila tangu walipoichukua chumvi hajanunua nyingine. Duka liko hatua chache tu na chumvi ni rahisi. Nakula hivyohivyo. Sijaiomba.